Kumi kati ya Kumi

Simu ya Muattar ilikuwa haitoki nyumbani, na kwa sababu hiyo Muattar naye alikuwa hatoki. Ilikaa kwenye ukingo wa dirisha la chumba cha wageni, mahali pekee katika nyumba ile ambapo mawimbi ya mnara yalifika bila kusuasua, imechomekwa chaja kutwa kucha, hotspoti imewashwa, ina joto la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Salomat, mama mkwe, aliitandikia kitambaa alichokitarizi mwenyewe ujanani, na hakuruhusu mtu aweke karibu yake hata bakuli la chai.

Ilikuwa zawadi ya harusi ile simu. Doniyor alimpa mkewe kwa mikono miwili akamwambia, "Hii ni yako peke yako, piga soga na baba yako mpaka ulimi uchoke." Miezi mitano baadaye akaenda Korea, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari huko Ansan, na simu ya soga ikapewa kazi nyingine. Kijiji chao, nje kidogo ya Kokand, hakikuwa kimefikiwa na waya wa intaneti. Kila masika waliambiwa ni mwaka huu, na masika yakapita. Basi vitu vyote alivyotuma Doniyor, na alituma kila mwezi, vikaning'inizwa kwenye simu ya mke wake.

Ilikuja kwanza kamera ya uani, ili amwone mama yake akipita. Kisha kamera ya ukumbini. Ikaja pampu ya kisima ya kuwashwa kwa simu, hita ya chumbani, balbu, taa ya barazani, kidude cha kunusa gesi, na roboti la kufagia ambalo Salomat alilifukuza kwa fimbo siku ya kwanza, na siku ya tatu akaanza kulisimulia habari za majirani. Kufuli la lango alikuja nalo Doniyor mwenyewe alipokuja likizo. Lango lilikuwa la chuma, limepita kimo cha mtu, na kufuli jipya lilifunguka kwa njia mbili tu: kwa simu au kwa funguo. Funguo zilikuwa mbili, na zote mbili zilirudi Korea ndani ya mfuko wa jaketi lake. "Nitazileta Navruz, sikukuu ya mwaka mpya wa masika," alisema. Tangu hapo mtu akitaka kwenda dukani alibonyeza simu dirishani, kisha akakimbilia langoni kabla halijajifunga tena.

Nisimseme vibaya Doniyor. Alikuwa mtoto wa kiume pekee, baba yake alishafariki, na kule alikolala watu sita chumba kimoja, kitu kilichomtuliza moyo kilikuwa kufungua simu na kuona theluji ya uani kwao. Alitaka nyumba yake ikae mfukoni. Hakufikiri kwamba nyumba ina watu ndani, na kwamba mfuko ukifungwa nao wamefungwa humo.

Na kulikuwa na birika. Birika la umeme, la chuma cheupe, lenye kitaa cha buluu ubavuni. Saa mbili kamili asubuhi, huko Ansan ikiwa saa sita na wafanyakazi wametoka kula, Doniyor alilibonyeza kutoka huko huko, na jikoni kwao likaanza kuvuma peke yake. "Doniyor anatusalimu," Salomat alisema kila siku. Akaliitikia birika salamu kwa sauti, kisha akamimina chai ya kijani. Mwanzoni Muattar alicheka kwa kiganja mdomoni. Baadaye alizoea.

Salomat alikuwa na simu yake pia, ya vitufe, ya enzi za marehemu mumewe. Aliifunga kwenye leso ndani ya kabati, na kila Jumapili aliitoa, akaichaji mpaka ikajaa, akairudisha. Haikuwa ikilia ila mtu akifa.

Mirzo alizaliwa katikati ya Januari, theluji imefika magotini, na mama yake akaingia chila. Siku arobaini mzazi na mtoto hawavuki lango, hawaachwi peke yao na hawakai gizani. Jua likizama, taa iwe imeshawaka chumbani, maana saa hiyo wasioonekana wanazunguka wakitafuta mtoto wa kumdhuru. Muattar hakuamini sana wala hakukataa sana. Alikunywa uji wake wa unga uliokaangwa kwa samli, akanyonyesha, akahesabu siku. Kila kelin, kila mke wa mwana anayeishi ukweni, huzihesabu, kwa kuwa siku ya arobaini ni yake. Siku hiyo watu wa kwao huja kumchukua, yeye na mtoto, akalale kwa wazazi wake, na hakuna mama mkwe anayekataa.

Kwa wazazi wake alikuwa amebaki mmoja. Baba yake, Usta Hamdam wa Margilan, alikuwa fundi wa beshik, vile vitanda vya mtoto vya kubembea. Vuli iliyopita kiharusi kilimlaza upande wote wa kulia. Muattar, wakati huo ana mimba ya miezi sita, alikwenda kumwona mara moja akarudi jioni ile ile, kwa sababu alikuwa ameondoka na simu na Doniyor alishinda kazini hajui kama mama yake yu hai. Hakwenda tena. Mzee akachonga beshik ya mjukuu kwa mkono wa kushoto, miezi mitatu mizima, na siku ya kumi na mbili ya chila, mdogo wake Zokir, amaki wa Muattar, yaani baba mdogo, akaileta. Maua yaliyochongwa kichwani yalikuwa yamelala yote upande mmoja.

"Kasema usiyacheke," Amaki alimwambia Muattar. "Na kasema siku ya arobaini umletee mtoto amshike kwa mkono huu uliobaki. Mimi nitakuja na gari asubuhi mapema. Kila siku ananiuliza zimebaki ngapi."

Kupigiana simu kulikuwa na balaa lake. Mtu akiongea kwenye simu ile, mtandao ulikatika mpaka maongezi yaishe, na nyumba nzima ikapotea machoni pa Doniyor. Basi Usta Hamdam alipangiwa Ijumaa, dakika tatu, dirishani, Salomat akiwa ameketi hatua mbili pembeni na sindano yake. Katika dakika tatu mtu aliyepooza mdomo anaweza kusema maneno machache sana. Mara nyingi alimaliza dakika zake akijaribu kusema Mirzo.

Jumanne, siku ya ishirini na tisa, ikaja runinga pana kama mlango, ya kuonyesha tamthilia za Kituruki kupitia mtandao. Salomat alijifanya hana haja nayo. Kufikia jioni alikuwa akimgombeza mama mkwe wa kwenye tamthilia kwa roho mbaya yake.

Alhamisi umeme ulikatika tangu adhuhuri, ukarudi jua linapozama. Muattar alikuwa amelala ubavuni pa beshik, kachoka, mtoto naye kalala. Alizinduka aliposikia mlango. Chumba kilikuwa cheusi tititi.

"Taa iko wapi?" Salomat aliuliza kutoka mlangoni.

"Ilikuwa iwake yenyewe, Oyi." Oyi ndiyo mama, na kelin humwita hivyo mama mkwe wake apende asipende.

"Nimeuliza giza limeingia saa ngapi."

"Sijui, Oyi. Nilipitiwa na usingizi."

"Ulipitiwa. Jua limezama juu ya mtoto wa chila, na mama yake kapitiwa."

Muattar alipapasa swichi. Doniyor alikuwa ameibandika kwa utepe, kwa sababu ikizimwa ukutani yeye hawezi kuiwasha kutoka Korea. Akaubandua utepe, akabonyeza, hakuna kitu. Balbu ile ilikuwa imeelekezwa kwamba umeme ukirudi ikae kimya mpaka iambiwe na mtandao. Salomat akawasha mshumaa, akafukiza moshi wa kufukuza husuda pembe zote nne, akamwinua Mirzo akamtazama usoni kwa muda mrefu kana kwamba anahakikisha ni yule yule.

"Chila imevunjika," alisema. "Tunaanza upya. Leo ni siku ya kwanza."

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Muattar alitaka kusema kwamba baba yake hana siku arobaini za kugawa, kwamba mtu mwenye nusu ya mwili anahesabu siku kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini kelin hajibizani, na yeye alilelewa vizuri mno.

"Haya, Oyi," alisema.

Kesho yake asubuhi, Salomat yuko uani akipepeta mchele, Muattar alisimama mbele ya kamera ya ukumbini, Doniyor akiwa kwenye mapumziko yake. Ndivyo walivyokuwa wakiongea mke na mume, yeye akitazama kidude ukutani, na sauti ya mumewe ikitoka humo ndani ikikwaruza.

"Balbu ilikataa," alimwambia. "Mama kasema chila imevunjika. Doniyor aka, mwambie ni mtambo tu." Aka ndiyo kaka, na mke humwita hivyo mumewe kwa heshima.

"Nimwambie nini mama mambo ya chila? Mimi mwanamume nijue nini huko?"

"Mwambie baba yangu anangoja."

"Atangoja kidogo. Afya yake si mbaya, ulisema kachonga kitanda kizima. Hebu shika simu uangalie balbu kama imeshika mtandao, mimi huku naiona imekufa."

Aliishika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kuishika simu yake kwa zaidi ya dakika tatu. Aliingia mahali pa hotspoti, na juu ya orodha akaona maandishi ambayo hakuwahi kuyajali: Vifaa vilivyounganishwa, 10 kati ya 10. Akahesabu majina. Runinga ilikuwamo. Balbu haikuwamo. Akahesabu tena vitu vya nyumba kwa vidole, akavipata kumi na kimoja, na hapo akaelewa. Simu haikubali zaidi ya kumi. Umeme ukikatika vyote vinatoka, ukirudi vinagombania mlango, na kinachochelewa kinabaki nje mpaka umeme ukatike tena. Kabla ya Jumanne palikuwa na nafasi za kutosha.

"Vimezidi," alimwambia Doniyor. "Vimezidi kimoja. Toa kimoja."

"Kipi? Kamera sitoi. Lango halitoki, mtashindwa kufungua. Hita mtoto ataganda. Gesi hatari."

Waliijua wote wawili runinga, na hakuna kati yao aliyeitaja.

"Mama kazeeka hana starehe hata moja," Doniyor alisema mwishowe. "Vumilia. Navruz nitaleta simu ya pili. Kwa sasa washeni mshumaa."

Wakawasha mshumaa. Siku zikaenda. Umeme ulikatika karibu kila siku wiki ile, na kila uliporudi kitu kimoja kilibaki nje: siku moja pampu, wakachota maji kwa ndoo, siku moja roboti, likazungukazunguka sebuleni limepoteza akili. Siku nyingine ilikuwa tena balbu. Muattar aliona kwamba umeme ukirudi tu, Salomat aliacha kila alichokuwa nacho mkononi akaenda jikoni mbio, akabonyezabonyeza birika mpaka kile kitaa cha buluu kikawaka, ndipo akaketi. Alidhani ni uchu wa chai. Yeye mwenyewe alikuwa akitembea kutoka beshik hadi dirishani, kutoka dirishani hadi beshik. Nyumba ilikuwa na vyumba saba na alihisi haina hata kimoja. Pale uani kamera ilimgeukia alipopita, na ilimuuma kwamba aliyekuwa akimtazama humo ni mtu anayempenda.

Jumatano, siku ya thelathini na saba kwa hesabu yake, ya saba kwa hesabu ya Salomat, simu ililia dirishani. Sebuleni bwana harusi wa tamthilia ya Kituruki akaganda mdomo wazi.

"Nani huyo leo si Ijumaa?" Salomat aliuliza.

Alikuwa Amaki Zokir. Alizungumza taratibu mno, na Amaki hakuwa mtu wa kuzungumza taratibu. "Kaanguka tena usiku wa juzi, binti yangu. Daktari kaja. Hasemi tena, ila anaelewa. Nimemwonyesha vidole vitatu, siku tatu, akafumba macho hivi, maana yake sawa. Jumamosi niko langoni."

"Amaki, chila wamesema..."

"Nimeshamwonyesha vidole vitatu," Amaki alisema, na simu ikakatika.

Bwana harusi akafumba mdomo wake akaendelea kuongea. Salomat hakuuliza kitu, na maana yake alikuwa amesikia kila kitu. Usiku ule aliizima runinga mapema.

Jumamosi umeme ulikatika alfajiri na ukarudi saa moja. Muattar alikuwa amekwisha kumvika Mirzo kofia mbili na kumfunga kwenye blanketi, hajui kwa ajili ya nini. Hakuwa ameomba ruhusa. Saa moja na nusu gari dogo lilisimama nje, na mtu akagonga chuma kwa kiganja.

"Fungueni, miguu imekufa," Amaki Zokir aliita.

Salomat alikuwa uani na ufagio wa theluji. "Zokirjon, rudi," alimwita kupitia lango. "Chila ilivunjika. Tutakutumia habari."

"Nimeendesha kwenye barafu tangu kumi na moja, hata chai sinywi?"

"Utakunywa vipi na wewe uko huko?"

"Si ndiyo nasema fungua."

Muattar alikwenda dirishani, mtoto kifuani, akabonyeza picha ya lango. Simu ikajibu kwamba kifaa hakipatikani. Akabonyeza tena. Akafungua ile orodha: 10 kati ya 10, na lango halimo. Leo lilikuwa limechelewa lango. Wanawake wawili na mtoto mchanga walikuwa wamefungiwa na chuma, funguo ziko ndani ya jaketi upande wa pili wa Asia, na mwenye jaketi yuko kwenye mashine, simu yake kabatini mpaka saa mbili. Na saa mbili ikifika atasema vumilia.

Salomat aliingia akikung'uta theluji, akaiona simu mkononi mwake. "Umeona," alisema. "Hata lango limekataa."

"Lango halijakataa, Oyi," Muattar alisema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka. "Limekosa nafasi. Simu hii inabeba kumi, na sisi tunavyo kumi na kimoja. Ndiyo maana hata ile taa. Nikitoa kimoja, lango litaingia. Niambie nitoe kipi." Hakuweza kusema runinga hata sasa, adabu haikumruhusu. Akachagua kitu ambacho hakuna mtu atakihisi. "Nitoe birika? Chai nitaichemsha kwenye gesi."

"Birika usiliguse."

Alilisema kwa haraka, na kwa hofu. Muattar hakuwahi kumsikia Salomat akiogopa. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha jikoni, ufagio bado mkononi, maji yanadondoka sakafuni.

"Unaniona mjinga," alisema. "Runinga imekuja Jumanne, taa imekufa Alhamisi. Nimeuza vitambaa sokoni miaka ishirini, hesabu hiyo inanishinda? Majini gani wanaosubiri umeme ukatike?"

"Basi chila..."

"Chila niliivunja mimi, kwa mdomo wangu."

Muattar alikasirika. Hasira ilipanda mpaka machoni, mtoto akaisikia akaanza kulia. Zilikuwa siku za baba yake zilizokuwa zikichezewa, na mchezaji ameketi mbele yake akidondosha maji. "Kwa nini, Oyi?"

"Ukitoka na hiyo simu, hili linakufa." Salomat alilielekezea birika kidevu. "Utakaa siku tatu, utakaa tano. Baba yako mgonjwa, utakaa mwezi, na ni haki yako, nani atakukatalia. Mimi saa mbili nitasimama hapa nitazame bati. Hukuwahi kujiuliza kwa nini umeme ukirudi ninakimbia? Namsukuma mwanangu aingie kwanza. Namsukuma, namsukuma, na siku ile nikamwacha mjukuu wangu gizani ili yeye aingie." Akajipangusa uso kwa kona ya kilemba. "Nikaja nikakugombeza wewe."

Nje Amaki aligonga tena. Hasira ya Muattar haikuisha, ila ilikosa mahali pa kukaa. "Nitaiacha simu," alisema. "Nifungulie tu niende."

"Na baba yako akizidiwa, utanipa habari kwa kutumia nini? Na Doniyor atamwona vipi babu akimshika mwanawe?" Salomat aliinuka. Alilishika birika, akalijaza maji mpaka kwenye mstari, kama kila asubuhi, akaliweka mahali pake. "Toa birika. Ukivuka lango na simu vitakufa vyote. Basi lianze hilo."

Muattar alibonyeza. Kitaa cha buluu kikazimika. Orodha ikaonyesha tisa, ikakaa tisa kwa muda uliowatosha kusikia Mirzo akimeza mate, kisha ikawa kumi, na huko nje chuma kikalia klak.

Walitoka mbio kama kawaida yao, lakini Salomat alifika kwanza na tofali, akaliweka kati ya lango na nguzo lisijifunge. Amaki Zokir aliingia akifungua mdomo kudai chai, akawatazama nyuso, akaufunga. Akabeba beshik kichwani. Salomat alimletea Muattar mkate mzima, akamngojea aumege kwa meno mara moja, akaufunga mkate uliobaki kwenye leso. Utatundikwa ukutani, mwenye kuuma arudi kuumaliza.

"Msalimie Usta," alisema. "Mwambie maua yake mazuri."

Gari lilipofika barabara kuu ilikuwa saa mbili na dakika nne, na simu ikalia mapajani mwa Muattar.

"Nyumba imezimika yote," Doniyor alisema, anahema. "Nimebonyeza birika halijibu, kamera hazijibu. Mama yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Mzima."

"Simwoni. Na wewe mbona nasikia gari?"

"Nakwenda kwa baba. Leo ni siku ya arobaini. Mama kaniruhusu, na simu ninayo mimi, Doniyor aka. Birika halitachemka mpaka nirudi."

"Sasa nitajuaje hali yake?"

"Mpigie."

"Kwa simu gani?"

"Ile ya vitufe. Iko kabatini kwenye leso, imejaa chaji. Kila Jumapili anaijaza."

Kule Korea vyombo vya kulia chakula viligongana. "Nilidhani haiko tena," Doniyor alisema. "Mwaka mzima sijaipiga. Nampigia ya nini na mimi namwona kila siku?"

"Yeye hakuoni," Muattar alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe yeye ndiye aliyekata simu.

Usta Hamdam alikuwa amelazwa kwenye godoro karibu na dirisha, amenyolewa, amevishwa shati safi. Hakusema. Muattar alimfungua Mirzo blanketi akamlaza ubavuni pa mkono wa kushoto, na ule mkono ukatembea polepole juu ya shuka mpaka ukaupata mguu wa mtoto, ukaufunika wote. Mzee alifumba macho, akafumbua, akafumba tena. Machozi yalimtoka jicho moja tu. Amaki Zokir alitoka nje akasema anaangalia matairi.

Alipopata nafasi Muattar alisimama mlangoni akampigia Salomat, amwambie wamefika na baba yuko hai. Mwanamke wa kampuni ya simu akamjibu kwamba namba anayopiga inatumika kwa sasa. Akanywa chai, akampigia tena. Inatumika. Akamnyonyesha Mirzo, akambadilisha nguo, akamfunga kwenye beshik chini ya yale maua yaliyolala upande, akapiga mara ya tatu, na mwanamke yule akamjibu vile vile.

Akaizima hotspoti, akaitia simu mfukoni, akarudi kuketi na baba yake.